Kutoka Mtwara hadi Arusha na mama mzee

Dada, kama mfuko unaruhusu, mpandishe mama ndege hapo Mtwara, abadilishe Dar. Ila kabla ya kulipia, angalia tiketi inaishia wapi: KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) iko kama kilomita 50 kutoka Arusha mjini, huko njia ya Moshi, na teksi ya pale si ya mchezo. Uwanja wa Kisongo ndio ulio jirani na mji.

Kwa basi, usimuunganishie safari siku hiyohiyo. Mtwara–Dar tu ni kama kilomita 560, na Dar–Arusha ni zaidi ya 600. Alale Dar, asubuhi apande Mbezi, stendi ya Magufuli. Muulize na kondakta wa basi la kwanza anashushia wapi; mabasi yetu ya kusini mengine yanaishia Mbagala, na kutoka huko hadi Mbezi na kiroba cha korosho ni kazi.

Akifika Arusha, vifodi (hiace zao) vinafika karibu kila mtaa. Bodaboda kwa umri wake mimi ningeikataa, bora bajaji. Na sweta lisisahaulike, hasa Juni na Julai.