Barua kwa mwanangu anayetaka kwenda Auroville

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mjukuu wangu nibusie. Umeniuliza kama Auroville, ule mji wa watu wa mataifa yote kule India ya kusini, ni mahali pazuri pa kumlea mtoto, maana mumeo amepata nafasi ya kujitolea kupanda miti kule, na wewe huna imani sana na kumbukumbu zako za utoto wa kule.

Mazuri yake unayajua. Walimu wasiomtisha mtoto kwa mitihani, baiskeli kwenye vijia vya udongo mwekundu, marafiki wa kila taifa. Baba yako akianza kusimulia hamalizi: mwaka 1968, mji ulipozinduliwa, vijana wa mataifa 124 walitia udongo wa kwao ndani ya chungu kimoja, kwenye uwanda mkavu uliochimbika makorongo, na leo pale ni msitu. Alikwenda kwa ajili ya msitu huo, bwana miti wa Tanga, nami nikamfuata kwa moyo mweupe. Wenyewe wanasema mji ule si wa mtu, ni wa binadamu wote. Kauli nzuri. Lakini mmenisikia tangu mkiwa wadogo: mtoto lazima awe na sufuria moja inayomngoja yeye.

Unalikumbuka lile jiko la jua, bakuli la mita 15 juu ya paa, lililokuwa likitoa chakula cha watu kama elfu moja kwa siku? Nililipenda. Ila kaka yako leo alikula na hawa, kesho na wale, na jioni nikimuuliza kala nini hana habari. Mtoto alishiba, hilo sikatai. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta wa kumpakulia.

Basi ikaja ile tufani, Thane, alfajiri ya tarehe 30 Desemba 2011. Nyumba yetu ya makuti na nguzo za mvinje ikaachwa wazi, tukajibana sote chini ya kitanda na godoro juu yetu. Kulipokucha baba yako alikwenda kwenye kitalu cha miche. Ndiyo kazi iliyotupeleka kule, najua, na sijawahi kumnunia kwa hilo. Au nilimnunia kidogo. Nilibaki na nyinyi wawili, mmelowa, mikorosho imeng'oka mizizi juu, njia hazionekani.

Aliyetufikia wa kwanza alikuwa Amma, yule mama wa kijijini aliyekuwa akifagia kwenye nyumba za wageni. Alikuja na mundu akikata matawi ili apite, na mkono wa pili kashika chombo cha stili chenye kifuniko. Ndani uji wa ragi, yaani wimbi hili hili letu, umechachuka vizuri. Ukaonja, ukasema, "Mama, uji wa bibi!" Nikalia mbele ya watu. Na paa la nyumba yake mwenyewe lilikuwa limekwenda usiku ule ule. Sikulijua hilo mpaka jua lilipopanda, nilipokwenda kwake na kukuta watoto wake wanaanika nguo juu ya ukuta. Toka siku hiyo tulikula kwake mara nyingi. Alinifundisha kuchora kwa unga wa mchele mlangoni, mimi nikampikia wali wa nazi. Kitamil changu kilikuwa maneno ya sokoni tu, lakini tulielewana.

Hili lingine ndilo linaloniuma. Wiki chache baadaye tulikuwa tunakula ukumbini, nikamkaribisha Amma meza yetu. Hakuna aliyemkataza. Alicheka, akashika mkono wangu, akaenda kukaa nje na wenzake chini ya mwarobaini. Wewe ukauliza kwa sauti kubwa, "Kama hapa ni pa watu wote, mbona Amma anakula nje?" Meza nzima kimya. Mpaka leo sijapata jibu ninaloweza kumpa mtoto.

Sasa utaona nimejibu la kwangu, si la kwako. Lakini mwanangu, mahali pa kumlea mtoto ni watu wanaomjua kwa njaa yake. Mtoto lazima awe na sufuria inayomngoja. Naye Amma tulimpata kule kule, siyo Tanga, kwa hiyo nikisema usiende nitakuwa namnyima mjukuu wangu Amma wake. Na nikisema nenda? Desemba 2021 yalipoingia matingatinga kung'oa miti kupisha barabara, wakazi wakagawanyika, baba yako hakula siku ile. Wanaogombana hivyo ni watu wanaopapenda mahali pao, nikamwambia. Sijui nilikuwa namtuliza yeye au mimi.

Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na mumeo akinisumbua nitalitoa. Kwa leo naliacha. Baba yako ukimuuliza atakwambia ufunge mizigo usiku huu.

Ila mkienda, msifike Aprili wala Mei, joto la kule litamchosha mtoto kabla hajazoea. Nendeni Januari, mvua zikiwa zimekwisha, mkute Pongal, sikukuu yao ya mavuno. Tafuteni nyumba yenye jiko lake, hata dogo, upande wa karibu na kijiji. Na umpelekee Amma kanga. Nimemwekea jozi kabatini, ile ya zambarau.

Mama yako