Muulize Anti: Mkeka nyuma ya daftari la hesabu

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu nauza chakula hapa Mbagala. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16 yuko fomu thrii, mpole hana makuu na mtu. Mwezi uliopita nikaanza kuona salio kwenye simu yangu linapungua, leo elfu moja kesho mia tano, nikajua ni makato tu. Juzi nafagia chumbani kwake nikaokota daftari la hesabu, kulifungua mbele kuna maswali yameishia njiani, nyuma huko kurasa nne nzima zimejaa majina ya timu na odds zake, zile namba za kubeti zinazoonyesha ukishinda hela yako inazidishwa mara ngapi, mpaka za ligi ya Finland. Kumuuliza akalia, akasema alitaka ale mkeka, yaani timu zote alizobeti zishinde, anilipie deni la kikoba. Baba yake amesema atamchapa mpaka aache, lakini baba yake mwenyewe kila Jumamosi anabeti na anamtuma huyo huyo mtoto amwangalizie matokeo. Nifanyeje Anti, nimechoka kulia.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale kwenye kikoba nasimama, nitakwambia kwa nini.

Kwanza ya leo leo. Badilisha namba ya siri ya simu kabla hujalala, halafu angalia kwenye menyu ya pesa kama hakuna mkopo uliokopwa bila wewe kujua, maana siku hizi simu inakopesha yenyewe na mtoto akiishiwa huko ndo anakokimbilia. Laini imesajiliwa kwa alama yako ya kidole, kwa hiyo kama amefungua akaunti ya kubeti kwa laini hiyo huko wanajua ni wewe unayebeti, hawajui kama kuna mtoto. Sheria yetu hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo, basi pigia huduma kwa wateja wa hiyo kampuni uwaambie anayetumia ni mtoto na waifunge. Usione aibu. Na umuulize kama anadaiwa na mtu huko nje, muulize kwa upole maana wengi wanakopeshana mtaani na shuleni na hofu ya deni ndo inawarudisha kwenye mkeka kesho yake.

Fimbo mimi siikubali hapa. Atachapwa leo, kesho atatumia simu ya rafiki yake na wewe hutajua tena kitu. Kaa naye na hilo hilo daftari, fungua ukurasa mtupu, mfanye hesabu pamoja, hata kama wewe hesabu uliacha darasa la saba yeye atakusaidia. Mwambie achukue mechi kumi, kila moja odds 1.5, zile wanazoziita za uhakika. Odds zinazidishwa, 1.5 mara 1.5 mara 1.5 mpaka zifike kumi, jibu linakuja 57 na kitu, ndo maana mia tano yake anaiona tayari ni elfu 28 na ushee na usingizi unaruka. Sasa upande wa pili ambao hakuna anayemwonyesha. Odds 1.5 maana yake hata kampuni yenyewe inaona ile timu itashinda mechi mbili katika kila tatu, haizidi hapo. Zidisha theluthi mbili kwa theluthi mbili mpaka zifike kumi, inabaki chini ya mbili katika mia. Yaani aweke mikeka mia kama huo, tisini na nane au zaidi inachanika. Na hapo bado kampuni haijakata chake, kwenye kila mechi inapunguza odds kidogo, na hako kadogo kwenye mkeka wa mechi kumi kanazidishwa mara kumi. Ndo maana wanapenda sana mtu aongeze mechi. Mtoto wa fomu thrii hesabu hii anaiweza, na akiifanya kwa mkono wake mwenyewe inamwingia kuliko maneno yetu sisi wazazi.

Muulize pia alianza lini. Wengi wao hawakuanzia kwenye simu, walianzia kwenye dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu pale nje ya duka, akiwa darasa la tano au la sita anatumwa chumvi, anabakiwa na sarafu ya mia mbili, anaitumbukiza.

Baba. Hapa naomba umsomee mumeo ukurasa huu. Shemeji, huwezi kumtuma mtoto akuangalizie mkeka Jumamosi halafu Jumatatu umchape kwa mkeka. Yeye anaona kwamba ndo mambo ya wanaume wakubwa. Sikwambii uache leo, ni hela yako, ila mwanao asiuone tena mkeka wako wala asisikie umekula shilingi ngapi, na ukiweza kumwambia umeshapoteza kiasi gani tangu uanze, mwambie, umtajie hela yenyewe.

Sasa kikoba. Huyo mtoto amekusikia ukilia usiku kwa ajili ya marejesho, akajitwisha. Miaka 16 anabeba deni la mama yake peke yake bila kumwambia mtu! Mwite, umwambie unadaiwa kiasi gani, unalipaje na utamaliza lini, halafu umpe kazi ya kweli ya kukusaidia, Jumamosi asubuhi akashike jiko au akupelekee oda, umlipe hata kidogo ajue hela yake imetoka wapi. Akikataa kabisa kuongea na nyie kuna namba 116, ni ya bure, ni ya watoto, anaweza kupiga mwenyewe.

SWALI: Anti mimi ni binti wa miaka 15 nasoma hapa Dar, nyumbani Chanika. Naamka saa kumi alfajiri maana nikichelewa makonda wanatuzuia mlangoni wanasema denti, yaani mwanafunzi, mmoja tu. Usiku namaliza vyombo saa nne ndo nashika simu ya mama mpaka saa sita. Darasani nasinzia, mwalimu ananipigisha magoti, mama anasema mimi ni mvivu. Anti mimi ni mvivu kweli?

JIBU: Hapana mwanangu, si mvivu. Saa sita mpaka saa kumi ni masaa manne, na mtu wa umri wako anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10. Halafu mkishabalehe ile homoni inayoleta usingizi, wanaiita melatonini, inachelewa kutoka usiku, ndo maana saa tatu mama yako anapiga miayo wewe macho kavu. Mwili wako unataka kuchelewa kulala, daladala linataka uwahi kuamka, unabanwa katikati.

Lakini saa nne mpaka saa sita ni zako mwanangu, hizo sizitetei. Ukimrudishia mama simu saa nne umepata masaa sita, bado hayatoshi ila kichwa kitafunguka. Vyombo ongea na mama, kama kuna kaka hapo nyumbani naye ana mikono, wapeane zamu, au vioshwe jioni kabla giza halijaingia. Ukirudi shule jilaze nusu saa tu, isizidi sana maana usiku utakosa usingizi tena. Na Jumapili usilale mpaka saa sita mchana, Jumatatu itakuua.

Makonda nalisema wazi, inaniuma. Mwanafunzi analipa mia mbili, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili, basi wanawaacha watoto kituoni gizani, na sisi watu wazima tuliokaa ndani tunaangalia dirishani. Ukiwepo kwenye gari konda anawazuia, paza sauti jamani, mwambie awapandishe. Na wewe mwanangu usisimame kituoni peke yako saa kumi na moja, tafuta wenzako wa mtaani muongozane.

SWALI: Mambo Anti, niko form two, uso umejaa chunusi wananiita maandazi. Rafiki kanipa tyubu ya dada yake ya kung'arisha, nipake?

JIBU: Poa mwanangu, usipake. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, wiki ya kwanza uso unalainika unafurahi, baadaye ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi kwa hasira. Osha uso asubuhi na usiku kwa sabuni isiyo kali, usiminye. Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi, anza na asilimia 2.5 au 5, paka kidogo mara moja kwa siku. Itakausha kidogo mwanzoni na mabadiliko utayaona baada ya wiki sita au nane, siyo kesho, usikate tamaa. Zikiwa kubwa zinauma na zinaacha mashimo nenda hospitali. Na tumia taulo jeupe na foronya nyeupe, dawa hiyo inafubaza rangi za nguo.