Kabla hujanunua gemu la mpira, uliza lilisifiwa likiwa kwenye mashine gani

Mwaka 2021 nilikuwa na banda la gemu Kirumba, Mwanza, mitaa ya karibu na uwanja wa CCM: mashine tatu za gemu aina ya PS4, runinga tatu, mabenchi mawili. Gemu la mpira la FIFA 22 lilipokaribia kutoka nilisoma sifa zake mpaka bando likaisha. Wachezaji 22 walivalishwa suti zenye vihisi, wakacheza mechi ya kweli, na miondoko yao ikaingizwa kwenye gemu. Wachambuzi waliisifu sana hiyo miondoko. Nikavunja akiba, nikanunua sidi tatu. Vijana wakakaa, hawakumaliza hata mechi mbili, mmoja akaniuliza, "Dada, mbona hii ni ile ile ya mwaka jana?"

Alikuwa amesema kweli. Teknolojia ile, HyperMotion, iliwekwa kwa ajili ya mashine mpya, PS5 na Xbox Series X na S. Toleo la PS4 halikuwa nayo, na watu wa kompyuta waliisubiri mpaka FIFA 23. Jina lile lile na jalada lile lile, ila ndani ni gemu jingine. Habari hiyo ilikuwa wazi tangu mwanzo. Mimi niliangalia alama za wachambuzi, sikuangalia mashine.

Tangu hapo, swali langu la kwanza ni hilo: huyu anayesifu alichezea wapi? Na kama una mashine ya Nintendo Switch, kuwa makini zaidi, maana kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 ilikuwa inapewa "Legacy Edition", yaani jezi na vikosi vipya juu ya gemu la zamani.

Usidhani pia kwamba mashine mpya huja na gemu lililokamilika. Mwaka 2005 Xbox 360 ilipoingia sokoni, FIFA yake ya kwanza ilikuwa na timu za taifa tu, vilabu hakuna. eFootball 2022, gemu jingine la mpira, ilitoka 30 Septemba 2021, bure, ikapondwa dunia nzima kwa sura za wachezaji na makosa ya uwanjani, hadi watengenezaji wake, Konami, wakaomba radhi. Toleo la 1.0, lenye marekebisho, lilikuja Aprili 2022. Kwa hiyo tazama na tarehe ya uchambuzi unaousoma.

Jambo ambalo wachambuzi wengi hawaligusi ni maisha ya benchi. Wao huandika sana kuhusu kucheza kwa intaneti. Sisi tunacheza wawili wawili, bega kwa bega, aliyefungwa anampisha mwenzake, na sidi tunaazimana kutoka Igoma mpaka Nyegezi. PS5 ya Digital Edition haiji na tundu la sidi, kwa hiyo kila gemu utalipakua kwa bando lako. Yenye tundu ni bora kwetu, tena inacheza na sidi nyingi za PS4.

Na pedi ya pili, kile kidude cha kushika mkononi unapocheza, iingize kwenye bei tangu mwanzo. Pedi za PS4 ukizichomeka kwenye PS5 zinacheza gemu za PS4 tu. Gemu za PS5 zinazikataa. Nilipopata PS5 ya kwanza nilikuwa na pedi sita za zamani na moja tu mpya. Mwezi mzima vijana walicheza gemu za PS5 dhidi ya mashine, mmoja mmoja, wengine wakisubiri benchini.