Krayo kwanza, kilindi baadaye

Wadogo zangu mnaoanza haidrobiolojia, elimu ya viumbe wa majini, hapa Bukavu, karibuni. Najua mnachokitamani, maana kila promosheni ya wanafunzi inauliza: "Asisitanti, maji ya chini tutayafikia lini?" Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na ukipita mita 60 hivi oksijeni imekwisha, samaki hakuna, ni gesi za metani na kabonidioksidi zilizobanwa na uzito wa maji. Hamu yenu naielewa. Ila tutaanzia ufukweni.

Sylvia Earle, mwanabiolojia wa bahari wa Marekani, anasifiwa kwa safari ya 1979: alitembea kwenye sakafu ya bahari karibu na Oahu, Hawaii, mita 381 chini, saa mbili na nusu ndani ya vazi gumu la kuzamia liitwalo JIM. Kisichotajwa sana ni shahada yake ya udaktari ya 1966, Chuo Kikuu cha Duke, juu ya mwani wa kahawia wa Ghuba ya Mexico. Kazi ya kuokota, kukausha, kutambua na kuandika, miaka na miaka. Alipoomba kuishi katika kituo cha chini ya maji cha Tektite, wakubwa walikataa mwanamke alale humo pamoja na wanaume. Mwaka 1970 wakamkabidhi kikosi cha wanawake watupu, akakiongoza wiki mbili. Walioandika kukataa sijui kama kuna anayewakumbuka.

Basi, tuanze na etiketi, karatasi ya maelezo ya kila sampuli. Iandikeni kwa krayo, yaani penseli, siyo biki: alkoholi hula wino, na mwezi ukiisha mtakuwa na samaki asiye na kwao. Karatasi iingie ndani ya chupa, ya nje hubanduka. Tarehe, saa, kina, mahali, jina la aliyechukua. Na "karibu na Idjwi" si mahali. Idjwi ni kisiwa kizima.

Wavuvi wa sambaza nao ni walimu wenu. Samaki huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, nao humvua usiku kwa taa, kwa hiyo wanajua anapanda wapi na mwezi upi. Msiwavamie na maswali asubuhi wakati wanapimiana na akina mama wanunuzi. Salimieni, kaeni pembeni, biashara iishe.

Zamu ya kilindi itafika. Chupa ikitoka mita 300 maji huja yakitoa povu, na harufu ya mayai viza inajaa mtumbwi. Geuzeni uso, fungueni taratibu, na sampuli ya gesi itangulie nyingine zote, kwa sababu haisubiri.