Vidonge vya sonona, mimba, na kichanga anayetetemeka

Tangu nigusie sonona ya wajawazito, maswali hayakatiki. Nimechagua manne.

Nina mimba ya wiki 9 na nameza setralini, dawa ya sonona, miligramu 50 tangu mwaka jana. Wifi ameniambia niitupe leo hii. Niitupe?

Usiitupe, mwanangu. Ukiikata ghafla utapata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, kisha sonona yenyewe inaweza kurudi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wajawazito waliowahi kuugua sonona mara kwa mara. Walioacha dawa, 68 kati ya 100 waliugua tena kabla ya kujifungua. Walioendelea nayo ni 26. Na mama aliyezama kwenye sonona hali chakula, halali usingizi, kliniki haendi. Hayo nayo humfikia mtoto tumboni, ila wifi hayahesabu.

Setralini ni kati ya dawa zinazopendelewa wakati wa ujauzito. Ninayoiogopa zaidi ni paroksetini, maana tangu 2005 kuna tahadhari kuhusu moyo wa mtoto ikimezwa miezi 3 ya mwanzo. Hata hiyo haiachwi nyumbani kimya kimya. Daktari ndiye anayeibadilisha.

Mjukuu wangu ana siku mbili. Anatetemeka mikono, analia mno, titi analishika na kuliachia. Mama yake alimeza fluoksetini, nayo dawa ya sonona, mimba nzima. Jirani anasema ni degedege.

Bibi, mrudisheni hospitali leo, halafu tuzungumze.

Dawa hizi hupita kwenye kondo la nyuma. Kitovu kikikatwa, kichanga anabaki na kilichomo mwilini mwake, nacho kinapungua siku hadi siku. Takriban watoto 3 kati ya 10 huonyesha dalili: kutetemeka, kilio kisichobembelezeka, kupumua haraka, kunyonya kwa shida. Mara nyingi zinaanza ndani ya siku 2 na kuisha ndani ya wiki 2. Fluoksetini hukawia kutoka mwilini, kwa hiyo kwa huyu dalili zaweza kuchelewa kidogo.

Ushike mkono wake taratibu. Mtetemeko wa aina hii hutulia ukiushika, degedege haitulii. Lakini usijipe udaktari kwa kipimo hicho, kwani sukari ikishuka au akiwa na maambukizi pia hutetemeka. Ndiyo maana nataka apimwe.

Wakisema ni dawa tu, kazi iliyobaki ni ya nyumbani: alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye kidogo kidogo mara nyingi, na wageni wapunguzwe. (Najua, wageni wa uzazi hawapunguziki. Jaribuni.) Akigoma kabisa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, au midomo ikiwa ya bluu, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Niache dawa wiki mbili kabla ya kujifungua ili mtoto azaliwe "safi"? Nimesikia zinaweza kumletea presha ya mapafu.

Ushauri huo uliwahi kutolewa hata na wataalamu, na mimi siupendi. Haijathibitika kwamba unamsaidia mtoto, na wewe unaingia leba bila kinga, wakati wiki za baada ya uzazi ndizo sonona inapovamia wengi. Ile habari ya presha ya mapafu uliyoisikia, yaani presha kuwa juu kwenye mishipa ya mapafu ya kichanga, ni kweli, lakini ni nadra: kwa kawaida huwapata watoto kama 2 kati ya 1,000, na mama akitumia dawa hizi mwishoni mwa mimba wanakuwa kama 3.

Kajifungulie penye oksijeni na watu wa kumwangalia mtoto siku mbili tatu za mwanzo. Na dawa iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Wengi mnaificha kwenye pochi kwa kuogopa kuambiwa mnameza "dawa za vichaa". Mtoto akitetemeka, muuguzi anabaki kubahatisha chanzo huku jibu liko kwenye pochi chini ya kitanda.

Mke wangu anatumia setralini. Anyonyeshe?

Anyonyeshe, baba. Inayofika kwenye maziwa ni kidogo sana. Mtoto akiwa mzito wa usingizi kuliko kawaida au haongezeki uzito, mpelekeni aonwe. Na usiku mmoja mmoja, mbeleko ichukue wewe.