Mwenyekiti, weka chini hizo hela za mahema (jibu refu kutoka Bukoba)

Mkuu mleta uzi, kabla hamjaingia dukani naomba hizo hela uzifungie. Mpe mama mmoja mkali wa kikoba akae nazo, asimpe mtu hata buku mpaka umalize kusoma hapa.

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Mtaa wenu huko Sumbawanga mmechanga milioni 4 na laki 6, wewe umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kujiandaa na tetemeko la ardhi, na orodha yenu ni mahema kumi, king'ora, masanduku ya huduma ya kwanza, fulana za wanakamati (fulana!), na chenji ikibaki "tutapiga plasta nyufa za madarasa mawili". Halafu ukaandika hivi: "Nyumba kila mtu apambane na yake, kwa bahati nzuri nyingi ni za tofali za kuchoma, ziko imara."

Imara. Hiyo "imara" ndiyo imenitoa kitandani saa sita usiku kuja kuandika. Na mimi yangu ilikuwa imara. Nina picha zake nyingi tu, ila zote ni za kabla ya saa tisa na dakika 27 alasiri, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipotupiga.

Nilijenga mwaka 2014, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Vyumba vinne, tofali za kuchoma, paa la mgongo wa tembo, ya kukaa na bi mkubwa, mama yangu. Kuta zilipofika usawa wa juu ya madirisha, fundi akanipigia simu niende site, tuongee lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Nimemkuta amekaa juu ya karai lililopinduliwa, anakula muwa. Nikamwambia nataka lenta ya kuzunguka nyumba nzima, maana kuna mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Uganda alishaninong'oneza. Fundi akacheka mpaka akapaliwa na muwa. "Bosi, hii ghorofa? Lenta unaweka pale palipo na tundu. Juu ya mlango, juu ya dirisha, basi. Kwingine ukuta umekaa juu ya ukuta, unazuia nini? Huku siyo Japani."

Huku siyo Japani. Hiyo sentensi ningeweza ningeichonga kwenye bati nikamtundikia shingoni.

Lakini tusimwonee fundi maiko peke yake, mwenye hela nilikuwa mimi. Nikapiga hesabu nyuma ya boksi la misumari: nondo kama 20 za milimita 12, ringi za kufungia nondo, mifuko 13 ya saruji, kokoto, mbao za kufungia, hela ya vibarua. Tofauti kati ya lenta ya vipande na lenta ya kuzunguka ilikuja kama milioni moja na laki moja. Na mwenye duka la vifaa, mtu ninayemnunulia tangu msingi, akaunga mkono: "Fundi wako anajua kazi, hiyo hela weka kwenye kitu kinachoonekana." Nikaweka kwenye kitu kinachoonekana. Nikanunua geti. Geti la chuma, lina vichwa viwili vya simba na mkunjo wa dhahabu kwa juu. Najua mnachotaka kusema, "Mhaya na geti lake". Semeni tu, nishazoea.

Siku yenyewe nilikuwa mjini. Kwanza ulikuja mngurumo, nikadhani lori la mchanga limepanda barazani, halafu ardhi ikaanza kupepetwa kama mtu anapepeta mchele. Simu hazishiki. Nikachukua bodaboda, na njiani naona watu wamesimama barabarani kimya, vumbi jekundu limetanda juu ya migomba. Nafika kwangu nakuta geti limesimama. Limefungwa kufuli, simba wote wawili wananiangalia, halina hata mkwaruzo. Nyuma yake nyumba haipo.

Nikatoa funguo nikafungua kufuli. Mpaka leo wadogo zangu wananicheka, ukuta wa pembeni ulishalala chini, ningepita popote. Mimi nimefungua geti.

Bi mkubwa alikuwa nyuma anamenya ndizi, ndiyo iliyomwokoa. Mtoto wa dada yangu alikuwa amelala chumba cha mwisho, ukuta ukamwangukia mguu, akakaa na chuma mguuni miezi mitano. Kwenye kitanda cha bi mkubwa palikuwa na lundo la tofali linanifika kiunoni. Zile hazikutoka kwenye ukuta wenyewe, zilitoka kule juu, kwenye ile pembetatu ya tofali inayopanda mpaka kwenye mgongo wa paa. Pembetatu ile inakaa juu kabisa, ndefu, nyembamba, haijashikwa na kitu zaidi ya uzito wake na misumari miwili ya kenchi. Ardhi ikitikisika yenyewe ndiyo ya kwanza kushuka.

Sasa hapa ndipo nataka uangalie vizuri, mwenyekiti. Zile lenta zangu za vipande zote zilikuwa NZIMA. Ya juu ya mlango nzima, za madirisha nzima, zimelala chini kwenye kifusi kama vipande vya muhogo wa kuchemsha. Fundi hakuniibia saruji, zege lilikuwa zuri. Tatizo kipande hakikushikana na kipande. Siku chache baadaye alipita mhandisi na watu wa kukagua majengo, kijana mdogo tu, akaingiza mkono wake wote kwenye kona moja iliyobaki imesimama. Kona ilikuwa imefunguka kama kitabu. Akaniuliza, "Mzee, kona zako zilikuwa zinashikwa na nini?" Nikamjibu plasta. Hakucheka. Ningemshukuru angecheka.

Akanieleza, na mimi ndiyo ninavyokueleza. Tetemeko halibomoi nyumba kwa kuikandamiza kwenda chini, kwa chini tofali ina nguvu kuliko unavyodhani. Linaivuta kwa pembeni, huku na huku. Ukuta wa mbele unataka kwenda ziwani, wa ubavuni unataka kwenda Karagwe, na pale kwenye kona wanapoachana hakuna anayewashika. Wakishaachana kila ukuta ni ubao uliosimamishwa peke yake, unaanguka. Lenta ya kuzunguka ni ile kamba ya belo la mtumba. Kata kamba uone mashati yanavyomwagika.

Na lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu, tena kiini chake kilikuwa Missenyi, upande wa Nsunga, kilomita kama 40 chini ya ardhi. Kagera walikufa watu 17, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa wanafunzi wakatawanywa. Sasa wewe unaniandikia kutoka Rukwa. Unajua ninyi mnakaa juu ya nini? Tarehe 13 Desemba 1910 huko kwenu lilipiga la 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Ukilinganisha nguvu, moja kama lile ni kama yetu 180 kwa pamoja. Wakati ule wazee wenu wengi walikaa kwenye nyumba za miti na nyasi, hazina tofali za kumwangukia mtu. Leo mmejaza tofali za kuchoma, nyingine zimejengewa kwa udongo badala ya saruji, halafu mnanunua fulana.

Kuhusu mahema nina ushahidi, maana kosa la pili nalo nililifanya mimi. Mwaka 2017 tuliunda kamati kama yenu, nikawa mweka hazina. Tukanunua mahema. Mwaka wa kwanza yakaazimwa msiba, sawa. Mwaka wa pili yakaazimwa harusi, tukaanza kutoza. Moja likaenda kwenye sherehe ya rubisi (pombe yetu ya ndizi) halijarudi, nalionaga likipita barabarani na mwenyewe ananisalimia vizuri tu. Mengine panya walizalia ndani. Hela ileile ingefunga lenta ya zahanati yetu. Na tulileta mtu wa semina, kwa posho nono, akatufundisha tetemeko likija kila mtu akasimame kwenye fremu ya mlango. Fremu ya mlango! Mimi niliyeona mlango wangu ukiwa mlalo nilikaa kimya kwa sababu yeye alikuwa na projekta.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, hata usipokumbuka kingine: HELA YA KWANZA IENDE KWENYE LENTA INAYOZUNGUKA BILA KUKATIKA. Mahema, king'ora na masanduku vitafuata kama kuna chenji.

Kivitendo kwa milioni 4.6. Huwezi kufunga lenta kwenye kila nyumba ya mtaa, najua. Lakini mtaa wenu una mafundi wangapi? Wanane? Kumi? Hao ndio wanaojenga nyumba zote mpya. Waite, walipe siku zao mbili, mtafute mhandisi wa halmashauri asimame nao kwenye nyumba moja inayojengwa sasa hivi, ya mjane au ya mtu ambaye hela zimemwishia, na lenta yake mlipie ninyi. Waone kwa macho. Nondo nne, ringi zikunjwe ndani vizuri, na kwenye kona nondo IZUNGUKE kona halafu ipande juu ya mwenzake sentimita kama 60, siyo nondo mbili zinafika kwenye kona zinaangaliana kama watu waliodaiana. Hapo kwenye kona ndipo mafundi wengi wanapoibia, bila hata kujua wanaiba. Zege wakishamwaga walimwagilie maji wiki nzima. Mkitoka hapo mna mafundi kumi wanaojua na nyumba ya mfano ambayo kila anayejenga atapita kuichungulia.

Nyumba zilizopo tayari na hayo madarasa: shusheni ile pembetatu ya tofali. Panda juu, ondoa tofali zake, ziba kwa mbao au bati. Ni kazi ya siku mbili tatu na bati mnalo, na mnakuwa mmeondoa tani ya tofali juu ya vichwa vya watoto. Leo hii leo, kabla hata ya lenta, kila mtu ahamishe kitanda kisikae chini ya ukuta huo. Hii haina gharama kabisa, na bado najua nusu ya mtaa hamtaifanya.

Plasta kwenye nyufa za darasa MSITHUBUTU. Ufa unaoanzia kona ya dirisha kwenda juu kimshazari ndio unamwambia mkaguzi ukuta umeumia wapi. Ukipaka plasta umeuziba mdomo. Jirani yangu alipaka yake wiki moja baada ya tetemeko, akarudi kulala ndani, ikaja mitetemo midogo ya baadaye, akatoka na bukta peke yake. Mzima, ila ile bukta tuliiona wote. Aiteni halmashauri ikague kwanza, na kama kona zimeachana watoto wasomee chini ya mwembe hata mwezi.

Uliuliza pia kuhusu ule ujumbe wa WhatsApp kwamba kubwa linakuja mwezi ujao. Hakuna mtu duniani anayejua siku, anayekutumia tarehe anakudanganya. Watoto wafundisheni kuingia chini ya dawati na kushika miguu yake, wasikimbilie mlangoni kusukumana, ni vizuri. Lakini dawati la mninga halishindani na pembetatu ya tofali, nishasema. Kulikuwa na swali la bima na la kuhifadhi maji, hayo wadau wengine watakujibu, mimi hapo sina uzoefu.

Bi mkubwa sasa ana nyumba ya vyumba viwili, ndogo, rangi ya chokaa tu, lenta imezunguka na nyingine ya pili juu chini ya kenchi. Geti nimeliuza. Mnunuzi yuko Muleba, anajenga, nikamuuliza kabla hajalipa kama amefunga lenta nzima. Akaniambia fundi wake amesema siyo lazima. Nimekataa kumpa risiti mpaka anipeleke site Jumamosi hii.

Wewe nitumie picha za kona za hayo madarasa, nje na ndani, nizipeleke kwa yule kijana mhandisi, bado ninayo namba yake. Na ukiweza, idadi ya mafundi.