Grupu la kuku na mama wa Mlandizi

Wiki hii mmeuliza kama mtu mzima anaweza kuelimika kwa magrupu ya WhatsApp bila kukanyaga darasani. Nilitaka kujibu "ndiyo" nikalale. Mwaka 1973, kwenye Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya hapa Tanzania, watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeulizwa cheti.

Ila magrupu yetu ya sasa mnayajua. Salamu za asubuhi, dua, mtu anauza kiwanja, na humo humo mtu anaomba msaada.

Jirani yangu huku Chanika anafuga kuku wa kienyeji. Siku moja alirusha video grupuni: kuku kapinda shingo, kinyesi cha kijani, wengine wamezubaa pembeni mabawa yameanguka. Akauliza awape nini. Mmoja akasema shubiri. Mwingine mwarobaini na pilipili. Wa tatu akataja OTC, ile antibayotiki, tena na vipimo vya kijiko. Waliobaki, dole gumba tu.

Aliyejibu la maana ni mama mmoja wa Mlandizi, hata picha ya profaili hana. Alituma ujumbe wa sauti, jogoo wake anawika nyuma: "Mwanangu, hicho kideri, ugonjwa wa kirusi. Hakina dawa, antibayotiki haigusi kirusi. Watenge wazima. Waliokufa wafukie, usiuze wala usigawe nyama. Wazima wachanje, tone moja jichoni, lakini chanjo inataka wiki moja, mbili ndipo ishike. Wengine humo wameshaambukizwa ila hawajaonyesha. Wakifa keshokutwa usije ukasema chanjo ndiyo imewaua."

Wakafa keshokutwa. Jirani akaandika, kwa herufi kubwa, kwamba chanjo ndiyo imewaua. Na hilo ndilo lililosambaa magrupu mengine. Sauti ya yule mama hakuna aliyeisambaza. Ndefu, na bando la nani?

Hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka ndiyo yangu. Vikundi vya mwaka 1973 vilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu mkononi. Grupu letu lina admini, na kazi yake ni kuwatoa wanaotuma siasa.

Kilichombadilisha jirani ni simu. Yule mama alimpigia mwenyewe, usiku, wakaongea mpaka wakagundua shangazi zao wameolewa kijiji kimoja. Sasa wanachanja pamoja kila baada ya miezi mitatu, na mmoja akisahau mwenzake anamsuta.

Mkihesabu kura, niwekeni kwenye hapana. Hapana yenye mashaka lakini, maana bila grupu hilo hilo jirani angempatia wapi mama wa Mlandizi? Na darasa la ufugaji likifunguliwa Chanika jioni, kuku wakishalala, nitakwenda. Jirani nitamburuta.